Nani Alianua Shuka la Incoronata

Benchi letu liko mbele ya baa ya Mariuccia, pale lami ya Serrafosca inapokwisha na ngazi za mawe za kupandia mtaa wa Juu zinapoanza. Huko Juu hakai mtu. Mlima uliporomoka, serikali ikatujengea nyumba huku chini, tukahama na vitanda vyetu, tukawaachia panya nyufa zao. Wiki iliyopita wakaja watu wa televisheni ya bonde, wale wa kipindi cha Jumapili cha kuwatembeza watazamaji Italia nzima bila kuinuka kwenye kochi. Wakapanda Juu na kamera, wakasema pazuri ila pamekufa, basi tupafufue. Tukapafufua kwa mikono yetu wenyewe: viti nje ya milango, nguo kwenye kamba, moto jikoni ili moshi uonekane. Leo Jumatatu, kipindi kimeonyeshwa jana, na benchini tumekaa wale wale. Yupo Gerardo, tunamwita Saruji kwa kuwa amejenga nusu ya nyumba za chini na karibu makaburi yote. Yupo Vitantonio, yaani Redio, maana hazimwi. Nipo mimi, Nusu, ambaye moyo wangu umeruhusiwa nusu kikombe cha kahawa tu. Na yupo Canio Mjerumani, aliyeacha ujana wake katika kiwanda cha Ujerumani. Miguuni pake kuna sanduku la safari, na magotini amepakata shuka la marehemu mkewe, halitoki mkononi.

Saruji alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu kainyoosha mpaka ukutani, kaiziba njia ya ngazi.

Saruji: Loredana anafika saa ngapi?

Canio: Kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwambieni mwanangu ageuze gari arudi zake Torino. Mimi napanda Juu, nakwenda kukaa kwangu.

Saruji: Kwako wapi, ndugu yangu? Lile paa limebaki kwa huruma tu. Ukipiga chafya linashuka.

Canio: Mke wangu yuko kule.

Saruji: Mkeo yuko makaburini. Tundu la ukutani alimowekwa nililiziba mimi, kwa mikono hii. Leo hupandi. Ukitaka kupanda, utapita juu ya miguu yangu.

Redio: Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Saruji: Sasa hapo mbachao ni nini na msala ni nini?

Redio: Mbachao ni Torino.

Saruji: Torino hajawahi kukaa hata siku moja, itakuwaje mbachao wake? Kunywa kahawa, Redio.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya kupiga picha, Fausto, yule mtayarishaji mwenye skafu, alitaka kitu cheupe kwenye kamba mbele ya mlango wa zamani wa Canio. Canio akatoa shuka la arusi, lenye makomamanga aliyoyatarizi mkewe Incoronata akiwa msichana. Jioni mvua ikashuka ghafla, watu wa televisheni wakazoa kila kitu ovyo ovyo na kukimbilia garini. Kesho yake kila mtu akapewa nguo zake kwenye ukumbi wa kanisa, isipokuwa Canio. Akapanda Juu kulitafuta. Akalikuta juu ya kiti mlangoni pake, limekunjwa vizuri, kavu kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tangu hapo habari ya kuhamia kwa mtoto haitaki tena, na sisi tuna mpaka mchana kumtoa hilo wazo kichwani.

Redio: Mimi nawaambieni ni wale wale wa televisheni. Walilianua, wakalikunja, wakalisahau. Kwisha.

Mariuccia alitoka na sinia, akaligonga benchi kwa goti ili tumpishe.

Mariuccia: Wale? Wale hata nyaya zao hawawezi kukunja. Walivyoondoka hapa gari lilikuwa kama tumbo la samaki. Na yule Ornella wao mwenye maikrofoni, alimega jibini yangu mbele ya kamera, akaisifu mpaka nikaona haya. Kamera ilipozimwa akaitema kwenye chungu cha maua.

Redio: Afadhali wewe jibini yako imeonekana. Mimi niliwaeleza historia ya mji huu tangu enzi za maaskofu. Jana natazama, nimebaki na neno moja. “Karibuni.” Hata hilo wamelikata mkia.

Saruji: Mimi walinipandisha na kikapu cha nyanya mara sijui ngapi. Nikifika juu, Fausto anasema rudi, baba, panda tena, safari hii ufurahi.

Redio: Na hukufurahi. Nilikuona jana, ulikuwa kama mtu anayepeleka nyanya kwa mdai wake.

Tukacheka, hata Canio akatabasamu kidogo, nami nikadhani tumempata. Nikasema labda ni upepo. Upepo wa bonde hili umewahi kumvua padri kofia wakati wa maandamano ya mtakatifu.

Canio: Upepo ukunje mara tatu kwa urefu, Nusu? Uingize pindo ndani ili nyuzi zisichafuke? Alikuwa anakunja hivyo mke wangu peke yake. Loredana hakuweza kujifunza, mimi sikuweza.

Mariuccia: Hilo kweli. Nami nimejaribu.

Canio: Na kuna jingine. Mnakumbuka nililichoma na pasi?

Saruji: Nani asikumbuke. Uliingia hapa unalia kama umechoma kanisa.

Canio: Alama ya pasi haipo. Tazameni. Imetoka. Nani mwingine angejua namna ya kuitoa?

Alilifunua kidogo magotini. Ni kweli, nguo ilikuwa nyeupe tupu, makomamanga yamejipanga kwenye pindo, hakuna alama ya pasi popote. Ila kwenye pindo lenyewe kulikuwa na unga unga, mweupe uliofifia. Mimi sikupenda kuutazama ule unga, sijui kwa nini.

Redio: Hiyo ni poda ya Ornella. Si unaona? Sasa nimeelewa. Sikilizeni vizuri. Kipindi chao hakitazamwi tena. Nani anataka kutembezwa Italia wakati amezaliwa humo humo? Basi wameamua kuhamia kwenye mizimu. Ornella kajivika nguo za Incoronata, kakunja shuka, kamera wameificha kwenye bomba la moshi, na sasa hivi wanatupiga picha tukibishana. Na mimi sijachana nywele.

Mariuccia: Nani kamfundisha Ornella kukunja?

Redio: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mariuccia: Redio, siku moja hizo methali zitakupeleka mahakamani.

Saruji hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake mwisho wa ile miguu mirefu.

Saruji: Viti je?

Mariuccia: Viti vimefanya nini?

Saruji: Nilipanda baadaye kuvirudisha, vile vya ukumbi wa kanisa. Sikutaka kusema. Fausto alivipanga vitazame njia, si ndiyo, ili Ornella akipita ionekane kama kuna watu wamepumzika.

Mariuccia: Nilimwambia siyo hivyo. Wanawake wa Juu hawakukaa wakitazama njia. Mama yangu alikaa mgongo kwa wapita njia, uso mlangoni, na sindano yake mkononi. Kutazama njia ilikuwa aibu.

Saruji: Ndivyo nilivyovikuta. Vyote. Vimegeuzwa, vinatazama milango.

Mariuccia alikaa ukingoni mwa benchi na sinia lake, yeye ambaye hatujawahi kumwona akikaa saa za kazi. Mimi nusu kikombe changu kiliniisha bila kujua nimekinywa saa ngapi.

Redio: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hakuna aliyemsahihisha. Naye aliposikia hakuna anayemsahihisha, sauti ikamshuka.

Redio: Mimi nilisema tu. Lakini hebu fikirini. Wewe umekufa, umelala. Unaona moshi unatoka jikoni kwako. Unaona kiti nje, nguo kwenye kamba, mtu anapanda na kikapu cha nyanya, anashuka, anapanda tena. Ungefikiri nini? Ungefikiri watu wamerudi. Halafu Ornella anasimama pale katikati na kusema kwa sauti kubwa, “Hapa Serrafosca ya Juu maisha hayajawahi kusimama.” Tumewadanganya wafu, jamani. Wamekuja kuanza kazi za nyumbani.

Saruji: Nyamaza.

Redio: Moto uliwasha wewe.

Saruji: Nimekwambia nyamaza. Huoni kama unamharibu mwenzako?

Canio: Hajaniharibu. Ndivyo ninavyosema tangu mwanzo, ila yeye kanizidi maneno.

Hapo niliogopa kweli, si mizimu, niliogopa sanduku lile. Loredana alikuwa njiani. Alishapanga chumba, alishamwandikisha baba yake kwa daktari wa moyo, na kwenye simu alikuwa ameniomba mimi, mzee Nusu, nihakikishe amekaa benchini anamsubiri. Nikajaribu la mwisho.

Mimi: Canio, kaka yangu, sikiliza. Incoronata alikwenda na lake. Yalikuwa mashuka mawili, pacha. Moja alilitaka jenezani, si alisema mwenyewe?

Mariuccia: Nilimfunika mimi. Mpaka kidevuni.

Mimi: Basi ana lake, ametulia nalo, halafu Saruji kaziba. Angefuata nini Juu kwenye mvua? Hili ulilopakata ni la walio hai. Lichukue, nenda nalo Torino, litandike kwenye kitanda kipya.

Canio akalipapasa shuka. Akatazama sanduku, akatazama barabara ya chini ambako gari la binti yake lingetokea, na nikaona mabega yake yamelegea kama ya mtu aliyeshindwa kwa heri. Saruji naye akaniangalia, akanikonyeza.

Ndipo gari la televisheni lilipopanda kona likasimama mbele ya baa. Alishuka dereva wake, Ermanno, mtu mnene mwenye goti bovu, ambaye siku ile ya kupiga picha hakupanda Juu hata kidogo. Alishinda garini akisikiliza mpira. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wa mkate.

Ermanno: Hamjambo wazee wangu. Nani kati yenu ni bwana Canio?

Canio: Mimi.

Ermanno: Basi nisamehe, mzee. Jana nasafisha gari, nakuta hili chini kabisa, chini ya nyaya. Fausto alilifungia ile taa kubwa mvua ilipoanza, isilowe, halafu akasahau. Sikulifua, niliogopa kuliharibu. Wakaniambia ni lako.

Akalitoa mfukoni. Lilikuwa limejikunja ovyo, linanuka dizeli. Makomamanga kwenye pindo. Na karibu na kona, kahawia, yenye ncha mbele kama mtumbwi, alama ya pasi.

Canio alilipokea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuondoka kwenye lile lililokuwa magotini.

Ermanno: Kumbe unayo mawili. Ni pacha kabisa. Hilo ulilopakata, mzee, limetoka wapi?

Aliuliza kwa wema tu, kama unavyouliza mtu kiatu kanunua duka gani. Alisubiri, akitutazama mmoja mmoja. Mariuccia aliweka sinia chini, akaweka mkono kwenye kidevu chake. Redio alikuwa amezima. Nilimgeukia Saruji, nikitaka aseme chochote, aseme poda, aseme Ornella.

Saruji alinyoosha mkono, akalishika lile pindo safi kwa vidole viwili. Akausugua ule unga, polepole, namna alivyousugua maisha yake yote kila alipofungua mfuko mpya wa saruji. Akaunusa. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali, akajifuta tena.

Saruji: Niliziba vizuri, Canio. Wallahi niliziba vizuri.

Canio: Najua, ndugu yangu.

Canio alikunja lile lenye alama ya pasi, vibaya, kama anavyokunja mwanamume, akaliweka juu ya sanduku la safari.

Canio: Hili apewe Loredana. Ni la mama yake.

Akainuka na lile jingine kwapani, akaenda hadi mwanzo wa ngazi, akasimama. Chini kabisa barabarani gari lilikuwa linapiga honi kwenye kona. Saruji akakunja miguu.