Sarafu Moja Ambayo Mzee Sowedi Hakuipima

Baada ya miaka ishirini na saba katika duka letu la sarafu, Mzee Sowedi Kirunda anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Alikuwa na haki ya kuendelea mwaka mmoja zaidi, lakini ameamua mwenyewe kuondoka sasa. Josefin, mwenye duka, ameniomba mimi Mueni, niliyekaa naye meza moja miaka kumi na miwili, niandike wasifu huu kwa ajili ya hafla ya kumuaga kule Akalla, pembezoni mwa Stockholm. Haelewi Kiswahili, kwa hiyo ameniamini tu. Ningependa kuandika ya kuchekesha matupu, ila siyo niliyo nayo yote.

Mzee alifika Stockholm kutoka Uganda akiwa mkimbizi, yeye na rafiki yake Ramathan, wakichangia begi moja. Dukani aliingia mwaka 1998 kusugua sakafu. Akimaliza, alisimama nyuma ya mthamini wa siku hizo na kumuuliza maswali, hadi yule bwana akachoka, akampa kioo cha kukuzia na kiti. Kuuliza si ujinga, na Mzee aliuliza mpaka akawa yeye wa kuulizwa.

Jina lake lilivuma kwa zile dola za ukumbusho za Marekani, zenye sura za marais, zilizoanza kutolewa mwaka 2007. Mwaka wake haukuandikwa usoni wala mgongoni. Umechorwa kwenye ukingo, pale vidole vinaposhika. Watu wetu waliotoka kutembelea ndugu huko walizileta kwa wingi, wakiamini wameokota sarafu iliyosahauliwa tarehe. Mzee aliisimamisha sarafu, akaizungusha polepole chini ya taa, akamwachia mwenyewe asome. Mchungaji Onyango wa Jakobsberg alikuja na yake imefungwa kwenye leso, keshachagua hadi rangi ya gari. Aliposoma mwaka alicheka sana, na Jumapili akaitoa sadaka. Jumatatu mhazini wa kanisa akatuletea ileile tuithamini.

Ni kweli zipo chache zilizotoka kiwandani na ukingo mtupu, bila mwaka wala neno, na hizo wakusanyaji huzitafuta sana. Ndiyo maana matapeli huchukua dola ya kawaida na kusugua maandishi kwa tupa. Anayewaumbua ni mizani: sarafu nzima ina gramu nane na nukta moja, iliyosuguliwa hupungua. Mzee alitufundisha kupima kila sarafu, hata ikiletwa na mama mzazi.

Mwaka jana Ramathan alifariki, akazikwa kwao Jinja. Machi mwaka huu mjane wake, Bi Shamim, akatuletea dola yenye ukingo mtupu aliyoachiwa na marehemu, ambaye siku zote alisema aliipata hivyohivyo benki. Mzee aliipitishia kidole gumba ukingoni, akaandika cheti kwamba ni halali. Hakuipima. Nilimwona, nikanyamaza, na hilo linaniuma hadi leo. Baadaye aliniambia kuwa kuiweka kwenye mizani aliona ni kumuuliza marehemu kama alikuwa mwongo.

Bi Shamim aliiuza kwa cheti hicho, na wiki tatu baadaye mnunuzi aliirudisha. Ilikuwa na gramu saba na nukta nane, na chini ya kioo alama za tupa zilionekana wazi. Bi Shamim alilazimika kurudisha fedha, na safari ya Jinja ya kumjengea mumewe kaburi ikafa. Mzee angeweza kumwambia ukweli. Badala yake alimwambia sarafu ya marehemu haina ubaya wowote, ila ni ya kawaida tu, na ni yeye Mzee aliyeichanganya na aina nyingine kwa sababu ya uzee. Dukani alieleza kwamba vidole vimekufa ganzi kwa kisukari, jambo ambalo nalo ni kweli, akaomba kustaafu.

Neno likaenea. Kutoka Akalla hadi Farsta watu walisema mzee kachoka, wengine wakasema kamdhulumu mjane wa rafiki yake, wakamalizia na lisemwalo lipo. Wateja wakaacha kuja mezani kwake. Yeye alifika kila asubuhi, akafuta kioo chake, akakaa akitazama mlango. Sijapata kuona kazi nzuri ikiisha kwa huzuni namna hiyo.

Jumanne iliyopita, Mzee akiwa kliniki, Bi Shamim alikuja kwangu. Alinieleza kwamba siku ileile aliyoambiwa habari za kuchanganya sarafu, alirudi nyumbani akafungua sanduku la zana la Ramathan, akakuta tupa ndogo na dola nyingine tatu, moja imesuguliwa nusu. Amekaa na aibu hiyo miezi saba. Ameniomba niiandike hapa, mbele ya kila mtu, kwa maneno yake mwenyewe: shemeji, jina la mume wangu umelitunza vya kutosha, sasa chukua lako.

Basi, Mzee Sowedi, tunakushukuru kwa miaka yote hiyo. Uwe na afya na siku za utulivu. Sisi tuliokusema, na mimi niliyenyamaza, tunakuomba radhi.