Profesa Kanyiva Masila na Mfupa Chini ya Jicho la Mjusi

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, majirani wa Mountain View na nyote mliotoka Mwala alfajiri, historia hii ya Profesa Kanyiva Masila inasomwa na mdogo wake, Muasya, kwa niaba ya familia, na imeandikwa jinsi marehemu mwenyewe alivyoagiza, bila kuruka pale panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kyawango, Mwala, mtoto wa pili wa Mzee Kaindi na Mama Rael, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya msingi hapo kijijini mwaka 1965, akamaliza sekondari mjini Machakos mwaka 1976, akajiunga na chuo kikuu hapa Nairobi, akasomea elimu ya wanyama, na hatimaye akaenda ng'ambo, akarudi mwaka 1989 na shahada ya uzamivu katika visukuku vya mijusi, yaani mabaki yao yaliyogeuka mawe. Mama Rael alipoelezwa kwamba binti yake amesomea mijusi waliokufa, aliuliza kama walio hai wamekwisha, na swali hilo lilimchekesha marehemu hadi uzeeni.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Masila, afisa wa ardhi, wakaishi mtaa wa Satellite, kisha wakajenga Mountain View, wakajaliwa watoto wawili, Makau na Mwende, na Bwana Masila akaaga dunia mwaka 2011.

Kuhusu kazi yake, marehemu aliajiriwa na taasisi moja ya utafiti katikati ya jiji, na mwaka 1997 aliokota kwenye miamba ya mchanga karibu na Mariakani fuvu dogo la mtambaazi aliyeishi zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita, wa ukoo uliokuja kuzaa mijusi na nyoka. Wahenga wa mijusi walikuwa na mfupa mwembamba kama njiti ya kiberiti, uliopita chini ya jicho na kufunga kiungo cha taya, na mijusi walipoupoteza, taya likawa huru, wakaweza kutafuna kwa namna mpya, kwa hiyo kujua mfupa huo ulitoweka lini ni kujua mjusi alianza lini kuwa mjusi. Fuvu la marehemu halikuwa na mfupa huo, akaandika kwamba taya lilikuwa huru mapema kuliko ilivyodhaniwa, vitabu vikabadilishwa kote duniani, akaitwa profesa, na sisi kina Kaindi tukavimba vichwa, hata arusini tukawa tunajigamba.

Mwaka 2015 alimpokea mwanafunzi wa uzamili, Beryl Atieno, binti makini asiyejua kubembeleza, ambaye mwaka uliofuata aliomba fuvu lile lipigwe picha za eksirei katika kliniki moja ya Hurlingham, kisha akaja ofisini na picha mkononi, akasema, "Madam, hii mfupa ilikuwepo. Ona hapa, na hapa. Haikuvunjika ndani ya mawe, imevunjwa na sindano."

Ndipo marehemu alipokumbuka. Kule Mariakani walikuwa wamemwagia jiwe gundi ili lisipasuke njiani, na alipolisafisha fuvu mwenyewe mwaka 1998, akiwa na haraka ya kulitangaza, aliikwangua kwa sindano gundi yote ya kahawia chini ya jicho, na sehemu ya gundi hiyo haikuwa gundi, ilikuwa mfupa. Alilijua hilo papo hapo alipoziona picha, lakini alimjibu Beryl kwamba ulivunjikia ardhini, na watahini walipoikataa tasnifu ya Beryl tarehe 18 Novemba 2016 kwa kumpinga mwalimu wake bila ushahidi wa kutosha, marehemu alikuwa ameketi pamoja nao, akatazama meza, hakufungua kinywa.

Beryl aliacha masomo, akafungua duka la miwani Hurlingham, na tangu hapo marehemu akifika Barabara ya Argwings Kodhek alikuwa akivuka upande wa pili ili asilipite duka lile, aibu imemjaa usoni, mwanamke mzima, profesa, anajificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Kanisani aliacha kusoma neno, akisema hawezi kusimama mbele za watu, na sisi tukadhani ni ujane.

Tarehe 20 Mei 2022 alisimama mbele ya wenzake katika ukumbi mmoja mjini, akasema, "Mfupa niliuvunja mimi, Beryl aliuona, nikamwacha aanguke." Makala ya kusahihisha ilitoka na jina la Beryl likiwa la kwanza, na wataalamu wakakubali kwamba mnyama yule taya lake lilikuwa bado limefungwa, lakini chuo kilijibu kwamba muda wa tasnifu umepita, na hilo marehemu hakuweza kulirekebisha.

Mnamo Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Beryl alikwenda kumwona hospitalini mara moja, Januari hii, na marehemu alipomwomba msamaha, Beryl akamwambia, "Ungesema siku ile, Madam. Siku ile tu." Kisha akamvua miwani, akaipangusa vizuri, akamvisha, akaketi naye hadi saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, na Mwende akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki nzima, na wenzake wa kazini waliomsikiliza siku ile bila kumzomea. Tunamshukuru pia Beryl, aliyeketi mstari wa nyuma, ambaye kwenye ratiba aliandikwa kuzungumza naye akakataa, na hatumlazimishi, wala hatutasema hapa kwamba amesamehe, kwa maana hajasema.

Dada, tumesoma yote uliyotaka yasomwe, aibu yako tumeisikia na bado wewe ni wetu. Lala sasa, upumzike kwa amani.