Ndege Alizozitazama kutoka Chini: Maisha ya Mzee Nathanieli Hamphrey Mbunda

Waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya baba yetu, na wenye bodaboda pale nje wazime injini, maana marehemu hakupenda mngurumo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kijijini Ngumbo, mtoto wa kwanza wa Hamphrey na Ottilia, akabatizwa Anglikana, akaanza shule ya msingi mwaka 1970, na mwaka uliofuata, akiwa katika shamba la mihogo na mdogo wake Luisa, ndege ya vita ilitokea ziwani, chini chini, yeye akalala chali katikati ya matuta, Luisa akasimama kuipungia mkono kama walivyozoea watoto wote wa mwambao ule, risasi zikamiminika, na Luisa hakurudi nyumbani. Ndege ilikuwa ya nani, wakubwa walibishana, hakuna aliyejua, wala hakuna mkubwa wa serikali aliyekuja kuuliza, as usual.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, mwaka 1981 akaajiriwa fundi mitambo katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Mbinga, tarehe 6 Septemba 1986 akafunga ndoa na Ida wa Litumbandyosi, wakajaliwa Edina na Wilfred, huyu anayewasomea, graduate wa tangu 2019, kazi bado.

Mwaka 1994 rafiki yake Rodrick alimletea kutoka Dar boksi la vipande vya plastiki vya kuunga ndege ya kivita, mfano mdogo wa ile ya kweli, na tangu hapo kila msafiri aliagizwa boksi jingine. Kila mara alikata kwa wembe, akapiga msasa, akagundisha, akapaka rangi tumbo tu, mgongo akauacha na plastiki yake, kisha akaitundika kwa uzi kwenye kenchi, akalala chali sakafuni, akatazama, akasema, "Siyo hii." Mtaani wakampigia kelele, "Shikamoo Kamanda wa Midoli, vita lini?" naye akaitikia marahaba, wahusika mmekaa hapa mbele, wali mtakula, lakini tumewaona. Nasi tuliofika chuo tukaiita hobby, tukamwonyesha picha za mtandaoni, akazikataa, zote zimepigwa ubavuni. Mama peke yake ndiye aliyejua kwamba anatafuta moja, na kwamba hatatulia mpaka aijue.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2024. Tarehe 30 Mei 2025 Edina alitundika juu ya kitanda ile ya mwisho, aliyoipaka rangi kwa maelekezo ya baba, na baba alipoitazama hakusema siyo hii, alijifunika kichwa kwa mikono, akaita, "Luisa, lala! Lala chini, we mtoto!" mpaka sauti ikakauka. Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni, nyumbani kwake.

Jana baba mdogo Henry alitaka, kwa desturi yetu, vitu alivyovipenda marehemu viwekwe kaburini, ndege ile iwe ya kwanza. Mama akamjibu, "Shemeji, hakuipenda. Aliitafuta. Hamtamlaza nayo." Imechomwa asubuhi hii nyuma ya jiko, kwa hiyo mnaoulizana hiyo harufu ya nini, ndiyo hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hata nyie wa Kamanda, kanisa, na wenzake wote wa kiwandani.

Pumzika kwa amani, baba. Angani kweupe.