Majibu ya Ludmiła

Benchi letu liko nje ya kibanda cha magazeti kwenye kituo cha tramu, ile treni ya barabarani, mtaa wa Niebuszewo hapa mjini Szczecin, na kahawa hutoka kwenye chupa ya Redio, mama mstaafu asiyepitwa na habari. Asubuhi ile hatukuwa na raha. Ludmiła, mpwa wa mzee Nanga, mwenzetu wa benchi, alikuwa amekwenda kuchukua majibu ya kivimbe cha titi. Mama yake, dada wa Nanga, alikufa kwa saratani hiyo akiwa na miaka arobaini na mmoja, akamrithisha binti jeni mbovu ya ukoo. Sasa Ludmiła naye ametimiza arobaini. Hospitali walimtoa na damu wapime madini. Basi tukabishana, maana kukaa kimya kulikuwa kubaya zaidi.

— Ni yale madini ya seleni, akasema Redio. Ikipungua kwenye damu, umekwisha. Nimempa njugu za Brazili ale, zimejaa seleni.

— Ngapi? nikamuuliza.

— Mfuko mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mfuko mzima ndiyo haba?

— Njugu kitu gani! Nanga akadakia. Mimi nimechomelea meli miaka thelathini, nimevuta moshi wa chuma, na mnaniona. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Uzito wenyewe unatoka wapi? Chuma!

— Walimaanisha undugu, we mzee, nikamwambia.

— Undugu wa chuma!

— Basi na cheche za tramu je? Redio hakubali kushindwa. Madini matupu hewani! Asimame kituoni, apanue mdomo.

Siku nyingine tungecheka. Nanga hakuondoa macho njiani inakotokea tramu.

Tramu ikasimama. Ludmiła akashuka, macho mekundu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

— Si saratani, mjomba.

Ludmiła akainama akamkumbatia, na mzee akalia kwa sauti mbele ya watu wa kituoni.

— Njugu zangu hizo! Redio akapiga makofi huku machozi yanamtoka.

— Sijazila, mama. Daktari kanikataza kujitibu. Seleni yangu iko chini kidogo, lakini wanasema bado wanachunguza madini yanahusika vipi, na ikizidi nayo inadhuru. Kwa sasa nisikose kupimwa, basi.

— Hata moja hujala?

— Hata moja.

Tukacheka, kicheko cha watu walioshushiwa mzigo. Redio akagawa kahawa ya mwisho. Oksana, aliyehamia jengo letu juzi tu na kusimuliwa yote na Redio, alikuwa dirishani pa kibanda akinunua tiketi. Akageuka.

— Samahani, mzee. Mama yake Ludmiła na wewe si mlinyonya ziwa moja? Wewe umeshapima hiyo jeni?

— Haya ni mambo ya wanawake, mwanangu.

— Mwanamume naye huirithisha. Una binti?

Nanga akanitazama. Mimi nikamtazama Redio. Redio akaifunga chupa ya kahawa.

Nanga akatoa simu, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza.

— Jagoda? Uko kazini? Hapana, mwanangu, hajafa mtu. Ludmiła mzima kabisa. Sikiliza, kuna jambo baba yako alipaswa kukuambia zamani.