Lowell Ostby na Mpira Uliomgusa Kidoleni

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mimi ni Clayton Sletten, na hii ni redio yenu ya hapa Brandvold, Dakota Kaskazini. Leo hatuanzi na muziki. Leo tunamkumbuka Lowell Ostby. Lowell Ostby, dereva wa basi la shule.

Lowell alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, maili sita kaskazini mwa mji. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Alikuwa peke yake. Jirani yake alisikia ng'ombe wakilia njaa asubuhi nzima, akajua kuna jambo. Ng'ombe wa Lowell hawakuwa na desturi ya kulia njaa.

Kama ulisoma shule yetu kati ya mwaka 1981 na mwaka 2007, na ukacheza mchezo wowote, basi Lowell alikubeba. Alikupeleka kwenye mechi, akakurudisha kwenu salama, hata theluji ikiwa imefika magotini. Huyo ndiye Lowell mnayemjua wengi wenu. Mimi nilimjua kabla ya basi. Tulisoma darasa moja. Na leo, wasikilizaji, nitawasimulia jambo ambalo mji huu umelinyamazia miaka hamsini na sita. Nisipolisema mimi, sioni nani atalisema.

Lowell alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye mikono mirefu kama makasia. Baba yake alifariki Lowell akiwa na miaka tisa. Mama yake, Bi Agnes, alilea watoto wawili kwenye shamba lile: Lowell na mdogo wake, Marlys. Marlys yupo, anaishi Bismarck, na amenipa ruhusa ya kusema haya. Nilipompigia simu aliniambia, "Sema, Clayton. Lakini sema yote. Usije ukanipambia kaka yangu maua halafu ukaruka pale pabaya."

Basi siruki popote.

Mwaka 1969 shule yetu ilikuwa na wanafunzi sitini na wawili tu. Sitini na wawili. Lakini tulikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyotisha. Mwezi wa tatu tulicheza na Nordhus. Mshindi angekwenda mashindano ya jimbo, na Brandvold haikuwahi kufika huko. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Zilibaki sekunde sita. Sisi hamsini na moja, wao hamsini. Mpira ukagombaniwa pembeni, ukatoka nje. Refa akanyoosha mkono upande wetu. Mpira wetu. Ilibaki kurushiwa mimi, niukumbatie, kengele ilie, twende zetu.

Lowell akainua mkono.

"Refa," akasema, "mpira ni wao. Umenigusa mimi kidoleni."

Refa akamtazama. "Una uhakika, kijana?"

"Ndiyo, mzee. Kidole hiki hapa."

Refa akawapa Nordhus mpira. Wakarusha. Ukaingia. Hamsini na mbili kwa hamsini na moja. Kwa pointi moja, wasikilizaji. Kwa kidole kimoja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo tulivua viatu. Kisha mmoja wetu akapiga makofi taratibu. "Hongera, Mtakatifu Lowell. Umetuhubiria vizuri. Sasa tupitishie na kapu la sadaka." Tulicheka. Hata mimi nilicheka. Kocha wetu, Bwana Krogh, alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake. "Vaeni," akasema. "Basi linasubiri." Ni hayo tu. Hakusema kwamba kijana amefanya vibaya, hakusema kwamba amefanya vizuri. Ndani ya gari Lowell alikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na viti vitatu vilivyomzunguka vilibaki vitupu. Sisi tulibanana nyuma wawili wawili.

Sasa nieleze habari ya herufi, kwa vijana mnaosikiliza. Zamani ilikuwa vilevile kama sasa: mwanafunzi aliyecheza mechi za kutosha hupewa herufi B ya sufu nyeupe, akaishona kifuani, kwenye jaketi la kijani. Lakini siku hizo herufi haikutoka kwa mwalimu. Ilitoka kwa Klabu ya Herufi, yaani wavulana waliokuwa nayo tayari. Tulikuwa kumi na mmoja. Tulipiga kura kwa maharagwe, ndani ya kopo la kahawa. Haragwe jeupe, anaingia. Haragwe jeusi, hapana. Jeusi moja tu lilitosha kumkataa mtu. Katika miaka yote tuliyoijua, lilikuwa halijatumika hata mara moja. Ilikuwa ni mchezo tu.

Mwezi wa tano tulimpigia kura Lowell. Alikuwa amecheza kila mechi ya msimu. Kila mechi. Kopo lilipomwagwa mezani, kulikuwa na meusi manne.

Moja lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitaka kwenda mashindano ya jimbo kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani. Hiyo ni sababu, si udhuru. Kocha Krogh angeweza kuifuta kura ile. Alisema, "Klabu ni yao wenyewe."

Hakuna aliyemwambia Lowell. Kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia. Kwa hiyo alikuja kwenye chakula cha jioni cha kufunga msimu, pale ukumbini, amechana nywele kwa maji. Bi Agnes alikuja naye, amebeba bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Majina yakasomwa. Watu wakapiga makofi. Jina la Lowell halikusomwa.

Marlys alikuwa na miaka kumi na miwili. Anakumbuka. "Mama alikuwa ameshanunua jaketi," aliniambia. "Na mkobani alibeba sindano na uzi mweupe, ili aishone palepale mezani, kaka arudi nyumbani ameivaa. Waliposoma jina la mwisho, nilimwona anaufunga mkoba polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Tulipofika nyumbani akamuuliza tu, 'Lowell, umeshiba?' Kaka akasema, 'Nimeshiba, Mama.' Hakuwa amekula chochote."

Jaketi lile Lowell alilivaa. Kifuani halikuwa na kitu. Alilivaa kulishia ng'ombe, akalivaa kukatia barafu kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, mpaka mikono ya jaketi, iliyokuwa ya ngozi, ikapasuka. Ungemkuta dukani nalo. Na sisi tuliojua, wasikilizaji, tulikuwa tunageuka kutazama makopo ya maharagwe kana kwamba hatujawahi kuyaona.

Hakuhama. Wengi walitegemea atahama. Alilima na mama yake mpaka Bi Agnes alipofariki mwaka 1979. Hakuoa. Marlys aliwahi kumuuliza kwa nini haji kuishi Bismarck. "Akaniambia, 'Nikiondoka, watadhani nilikosea.' Nikamwambia, 'Kaka, watu hawa wamesahau.' Akasema, 'Mimi sijasahau.'"

Mwaka 1981 shule ilitafuta dereva wa basi la michezo. Hakuna aliyetaka kazi ile ya kuendesha gari kwenye theluji. Lowell akaitaka. Miaka ishirini na sita aliifanya. Watoto walimpenda kwa namna watoto wanavyompenda mtu mzima asiyewasumbua. Akifika kwenye mechi alikaa safu ya juu kabisa, karibu na mlango, peke yake, kofia magotini. Na wakati wa kurudi, mtoto aliyeharibu mchezo, aliyekosa mpira wa mwisho, alijua pa kukaa. Kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Lowell hakumhubiria. Alikuwa anamuuliza, "Unaweza kunisomea vibao vya barabarani? Macho yangu haya, wee acha." Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Mmoja wao alikuwa Kirsten Dahl, ambaye leo ni muuguzi Fargo. Mwaka 1994 Kirsten alihudhuria kila zoezi la msimu, na alicheza dakika nne tu. Dakika nne. Kwa kanuni, herufi asingeipata. Lowell akaja kwenye mkutano wa bodi ya shule. Mtu aliyekuwa hazungumzi hata kanisani akasimama mbele yetu, kofia mkononi.

"Mimi si msemaji," akasema. "Nasema hivi. Kura ya maharagwe ifutwe. Mtoto asipigiwe kura na wenzake. Na huyu binti aliyekuja kila siku, mpeni. Nilimbeba. Najua alikuja."

Mjumbe mmoja akamtania, "Lowell, kwa hesabu yako basi hata dereva tumpe herufi!" Watu wakacheka. Lowell hakucheka wala hakukasirika. Alikaa chini.

Mimi nilikuwa kwenye bodi ile. Niliinua mkono wangu juu, na kura ya maharagwe ikafutwa siku hiyo. Kirsten akapewa herufi yake. Lakini sikusimama kusema kwa nini ninauinua.

Nje, penye magari, nilimfuata. Upepo ulikuwa unakata masikio. Nikamwambia, "Lowell, ile kura ya sitini na tisa..."

Akaningoja nimalizie. Sikumalizia.

"Clayton," akasema, "unataka nikwambie nini? Kwamba hainiumi? Inaniuma. Nenda nyumbani, Donna anakusubiri na chakula."

Akapanda gari lake. Nilikwenda nyumbani. Donna, mke wangu, alikuwa ananisubiri na chakula. Tangu siku ile mpaka Alhamisi iliyopita ni miaka thelathini na moja. Kutoka kwangu mpaka kwa Lowell ni maili nne. Sikwenda.

Juzi tulimzika. Walikuja watoto wa basi, sasa watu wazima wenye mvi. Walikuja kutoka Fargo, kutoka Minneapolis, mmoja alisafiri kutoka Denver. Wengi walivaa majaketi yao ya kijani, mengine hayafungi tena tumboni. Sisi wazee wa klabu ya zamani tuliobaki ni watano. Tulileta herufi B mpya, kwenye kisanduku, tuiweke juu ya jeneza. Mimi nilikuwa na hotuba mfukoni.

Marlys alitukuta mlangoni mwa kanisa. Hakupandisha sauti.

"Hapana," akasema. "Aliisubiri akiwa hai. Msimpe sasa ili ninyi mlale vizuri. Ingieni, kaeni, muimbe na wenzenu. Hicho rudini nacho."

Tulirudi nacho. Alikuwa na haki.

Jana nilikwenda shambani kumsaidia Marlys kufungasha vitu. Nilikuwa sijaingia jikoni mle tangu tukiwa wavulana. Ni safi, kila kikombe mahali pake. Mezani kulikuwa na kiti kimoja. Nilitafuta cha pili nikae, sikukiona. Marlys akasema vingine vipo ghalani, miaka mingi sasa. Aliwahi kumuuliza kaka yake sababu. Lowell akamjibu kwamba ilikuwa kazi bure kuvifuta vumbi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Marlys, kwa wanawe, na kwa watoto wote wa basi. Mungu ampumzishe Lowell Ostby. Na wewe unayenisikiliza, uliye na jambo la kumwambia mtu wa maili nne, usingoje maneno mazuri. Mimi niliyangoja, yakaja yamechelewa, yakakuta mtu hayupo. Na kama unaijua nyumba yenye kiti kimoja, beba chako uende leo.