Tundu Katika Duka Letu la Mtandaoni

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu! Ninasimama mbele yenu na machozi, mnivumilie.

Mimi ni Kavira, muuza chakula wa pale Ruashi, mtaa wa hapa Lubumbashi. Vita vilipofika kwetu Kivu ya Kaskazini, mume wangu alitengeneza tovuti. Mtu wa hapa Lubumbashi analipa kwa simu, na wadogo zangu kule Goma wanapeleka unga na maharagwe kwa jamaa zake waliokimbilia kambini. Ndugu zangu, watu walikula!

Kisha malipo yakakatika ghafula. Nilidhani watu wameishiwa. Kumbe walikuwa wanalipa, na kule kambini jamaa zao wanangoja!

Masika, dada tunayeimba naye kwaya, alimlipia mama yake chakula. Hakikufika. Mama alikuwa mgonjwa, akafa na njaa yake. Masika akaja dukani, akapiga kelele mbele ya wateja: "Kavira, ulikula chakula ya mama yangu!"

Ee Bwana! Niliacha kwaya. Niliacha kula. Nilitamani nilale nisiamke tena.

Mchungaji akamtuma Deborah, fundi wa kompyuta. Akachunguza, akasema: "Mama, ni hapa mwizi alipitia." Ile plugin, kipande cha programu tulichoongeza ili tovuti ipokee malipo, ilikuwa na tundu. Hata walioitengeneza hawakujua. Mwizi aliingia, akafuta namba yetu ya simu, akaweka yake.

Deborah alifunga tovuti, akaenda kumweleza Masika. Mimi sikuwa na nguvu.

Masika akaja nyumbani. Nikajifungia chumbani kwa woga. Akakaa chini, nje ya mlango: "Kavira, fungula. Haikuwa weye. Mama hatarudi tena. Miye siwezi kuzika weye pia."

Nikafungua. Tulilia mpaka sauti zikaisha. Akaninawisha uso, akanilisha bukari, ugali wetu, kwa mkono wake. Pale pale, ndugu zangu, kifo kiliniachia!

Sisemi Bwana alirudisha vyote. Mwizi hajulikani hata leo. Mama yuko kaburini kule Goma, na binti yake hajaweza kufika. Lakini namshukuru Yesu, maana alinijia kwa miguu ya mtu niliyemwogopa. Wewe uliyejifungia na aibu isiyo yako, mtumaini yeye.

Masika, dada yangu, kuya hapa mbele. Tuombe.