Mbinya na Mwanambuzi wa Siku Kumi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mbinya Musembi, mfugaji wa mbuzi wa Kwa Vonza, aliyetuaga mwezi uliopita, Machi 1993. Mbinya Musembi, mama wa mbuzi.

Mama huyu hakuingia darasani hata siku moja. Lakini mbuzi aliwajua, tena sana. Kila asubuhi alipunga leso mbele ya wanambuzi wake. Aliyejilaza chini kimya alibaki nyumbani. Aliyemkimbilia mama yake aliruhusiwa kwenda malishoni. Wa miezi minne alipiga kwato chini na kumkodolea macho, naye Mbinya akacheka, akisema huyo sasa ana kiburi cha kutosha. Majirani walidhani ni mchezo wa mtu asiye na kazi.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Boma lote likabaki na mbuzi mmoja na mwanawe wa siku kumi, jike. Hao wawili tu ndio waliokuwa tumaini la kuanza upya. Siku moja Mbinya alikuwa kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Mumewe, mzee Musembi, akaona huruma kwa njaa ya mbuzi, akawatoa wote wawili kwenda malishoni. Mbweha akatokea. Mama mbuzi akakimbia hadi nyumbani. Mtoto hakuonekana.

Majirani wakaingia vichakani na madebe, wakiyapiga na kuita. Mbinya alipofika aliwasihi wanyamaze. Nani angemsikia? Basi akamshika mumewe mkono.

"Baba Mutindi, wa siku kumi hakimbii. Analala. Hizi kelele zinamlaza zaidi."

Musembi ni mtu wa sauti kubwa, mwenyewe anakiri. Lakini jua lilikuwa linashuka, na kelele hazikuwa zimesaidia. Akawarudisha watu wote. Mbinya akamleta mama mbuzi, wakakaa kimya. Mbuzi akalia mara moja tu. Mwanambuzi akainuka kutoka kwenye nyasi kavu, hatua mbili kutoka pale mzee alipokuwa amesimama akipiga debe.

"Nusura nimkanyage," mzee aliniambia juzi, akicheka huku akifuta macho. "Tulikuwa tumeoana miaka kumi na minane. Siku hiyo ndiyo nilianza kumsikiliza."

Mbuzi wote walioko bomani leo ni uzao wa yule jike.

Kwako mzee Musembi, kwako Mutindi na ndugu zako, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tukifika nyumbani leo, tumuulize mtu wa kwetu jambo analolijua yeye. Halafu tunyamaze, tumsikie.